Kusi Usoni, Mkwaju Mbele

Agosti 2013, wiki mbili hivi baada ya Idi, kikundi chetu cha waendesha baiskeli wa Malindi kilishiriki mashindano ya barabarani ya kwenda Marereni na kurudi, mwendo wa zaidi ya kilomita 80, na mimi niliyezoea kuwatangulia wenzangu kila tulipomaliza mazoezi nikapewa kazi ya kumpeleka mtu mwingine. Tulikuwa watano: mvuvi wa Shela, mwalimu wa shule ya msingi, seremala wa Msabaha, kijana wa Muyeye aliyekuwa akisambaza mikate kwa baiskeli tangu alfajiri, na mimi. Baiskeli zetu zilikuwa za mtumba, zilizonunuliwa Mombasa kipande kipande, na aliyeziunganisha zikawa baiskeli kamili ni mzee mmoja ambaye mji mzima ulimwita Fundi. Yeye hakuwa akishindana tena, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyepanda baiskeli siku ya mashindano bila kwanza kumwamkia na kusikiliza alilotaka kusema.

Aliniambia uamuzi wake jioni moja ya Shaabani, mbele ya wenzangu wote, huku akinyoosha spoki bila kuniangalia. "Mwanangu, mwaka huu wewe humalizi. Utampeleka huyu." Aliyemwonyesha ni yule kijana, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja nasi. Niliitikia kwa heshima, kwa kuwa Fundi hajibizwi, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu ambao sikumweleza mtu. Nilijua sababu yake. Mwaka uliotangulia, katika mashindano madogo yaliyomalizikia barabara hiyohiyo, nilichomoka zikiwa zimebaki mita 400, Kusi, upepo utokao kusini, ikinipiga usoni, nikaongoza hadi mita ya mia ya mwisho, kisha miguu ikakataa. Walinipita watu watatu, na mwenzetu mvuvi, aliyekuwa amejificha nyuma yangu akitarajia nimfikishe karibu, aliachwa mahali ambapo hakuweza tena kumfukuza mtu. Niliwapotezea wenzangu mbio kwa sababu nilitaka ziwe zangu.

Asiyewahi kuendesha baiskeli kwa kasi huenda akadhani mbio hizi ni za miguu peke yake. Kwa kweli adui mkubwa katika barabara tambarare kama zetu ni hewa, na uzito wake hauongezeki sawasawa na mwendo: ukizidisha kasi mara mbili, hewa hukusukuma nyuma mara nne, na nguvu unazohitaji kuishinda hufikia mara nane. Anayejibana nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa karibu theluthi moja ya nguvu hizo. Ndiyo maana mtu mwenye mbio kali za mwisho huletwa na wenzake hadi karibu na mstari, mmoja akichoka akiondoka na mwingine akishika, ili yeye aione hewa kwa sekunde chache tu. Siku ya upepo wa nyuma anaweza kuachiliwa mapema, hata mita 300 kabla ya mstari, kwa kuwa upepo unamsaidia na aliye nyuma yake hapati kinga kubwa. Siku ya upepo wa mbele mambo hugeuka, kwa sababu anayetangulia kuchomoka huwa amejitolea kuwa ukuta wa wengine.

Mwezi Agosti hapa kwetu Kusi bado inavuma kwa nguvu, na barabara ya kutoka Marereni inashuka kusini. Kurudi ni kwenda kinyume chake. Fundi alikuwa ametupima sote kwa jicho lake: mimi nilikuwa na pumzi ya kukaa mbele ya upepo nusu dakika na zaidi bila kulegea, ilhali kijana alikuwa na mbio fupi kali mno, alizozipata, naamini, kwa miaka ya kuondoka na kreti za mikate kutoka kila duka aliposimama. Mbio zake hazikuzidi sekunde kumi na chache. Nilihitaji majuma kadhaa kukubali kwamba hesabu ile haikuwa adhabu.

Mfungo ulituangukia katikati ya matayarisho. Tuliendesha kwa utulivu baada ya Alasiri, tukirudi mjini karibu na futari, na mazoezi makali tuliyaacha usiku, katika kipande cha barabara chenye taa. Usiku wa tarehe 21 Julai, baada ya Tarawehe, tulijazana dukani kwa Fundi kutazama siku ya mwisho ya Tour de France, ambayo mwaka ule, kwa kuwa yalikuwa mashindano ya 100, ilimalizikia Paris jua likikuchwa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa anatwaa ushindi wake wa kwanza, na duka lilijaa furaha. Fundi naye alifurahi, lakini alitunyamazisha zilipobaki kilomita tatu. Hakutaka tumtazame Froome wala Marcel Kittel, Mjerumani aliyeshinda mbio za mwisho za usiku ule. "Mtazameni aliye mbele yake," alisema. "Yule ambaye jina lake hamtalikumbuka." Usiku ule nililala nikimfikiria mtu huyo.

Baada ya Idi, Fundi alinichukua kupima. Mstari wa kumalizia ulikuwa upande wa mjini wa daraja la Sabaki, kabla nyumba hazijasongamana. Alifunga kitambaa chekundu kwenye tairi la mbele, akasukuma baiskeli kwa mkono kutoka mstarini kurudi nyuma, akihesabu kila kitambaa kilipogusa lami. Gurudumu la baiskeli ya mashindano likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na sentimita 10 hivi; alipofika mizunguko 71 alisimama, akaangaza macho. Kando yetu palikuwa na mkwaju. "Mita mia na hamsini. Hapa ndipo utakapomwacha, si kabla. Hata wakikupita, si kabla."

Siku ya mashindano tuliondoka saa moja asubuhi, waendeshaji wapatao arobaini. Safari ya kwenda haina mengi ya kusimulia, kwa kuwa upepo ulitusukuma na hakuna aliyeweza kumtoroka mwenziwe. Wawili walijaribu tulipogeuza Marereni, nao wakarudishwa kabla ya Gongoni. Mambo yalibadilika hapo. Katika sehemu zilizo wazi, Kusi haikutoka mbele moja kwa moja bali upande wa kushoto, upande wa bahari, na katika hali hiyo kinga haipatikani nyuma kabisa ya mtu, hupatikana nyuma kidogo na kulia kwake. Waendeshaji hujipanga kwa mshazari, kama bata wanaoruka. Sisi tuliruhusiwa nusu ya barabara tu, na anayevuka mstari wa katikati alitolewa mashindanoni. Timu moja ya Mombasa, iliyokuwa na watu sita na baiskeli nzuri kuliko zetu, ilijua kulitumia hilo. Kiongozi wao akisogea karibu na mstari wa katikati, nafasi ya mshazari huwatosha watu wanne au watano. Wote wanaobaki hulazimika kufuatana kwa mstari mmoja, kila mmoja akipigwa na upepo kamili, na akilegea mmoja wote walio nyuma yake huachwa.

Mvuvi wetu aliuona mpango huo kabla haujaanza. Mtu aliyekulia kwenye ngalawa husoma upepo kwa ngozi, na alipowaona wawili wao wakinong'onezana na kusonga mbele, alinipigia kelele, "Twendeni, wanafunga mlango!" Tulifika mbele wanne. Mwalimu alikuwa na chupa ya maji mdomoni wakati huo, na mlango ulifungwa yeye akiwa nje. Naiona hadi leo sura yake nilipogeuka, ameinama juu ya usukani, mita thelathini nyuma yetu, kisha hamsini, peke yake. Tulipopita Mambrui tulikuwa kumi na wanne tu.

Kuanzia hapo seremala alifanya kazi ambayo sijaona ikiandikwa katika matokeo yoyote. Alikaa mbele karibu muda wote hadi Sabaki, kwa mwendo mkali kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuchomoka, na baada ya daraja, barabara inapopanda kutoka mtoni, akawa hawezi tena hata kusema. Aliinua kiwiko, akaondoka pembeni. Mvuvi akashika. Nilikuwa wa pili, kijana nyuma yangu, na nyuma yake watu wa Mombasa watatu wakisukumana kwa mabega kuligombea gurudumu lake.

Zikiwa zimebaki mita 600, mvuvi naye alimaliza nguvu, nikabaki na upepo. Barabara nzima ilikuwa imefungwa sasa kwa ajili yetu, nami nilifanya kama tulivyokubaliana: nilikwenda ukingo wa kulia, nikaacha upana wa baiskeli moja tu kati yangu na kokoto. Nafasi hiyo ndogo, iliyokingwa na mwili wangu, ilikuwa ya kijana peke yake. Mwingine yeyote aliyetaka kupita angepaswa kupita kushoto, mahali ambapo Kusi ilikuwa inamngoja. Kumpeleka mtu si kukimbia tu mbele yake. Ukiongeza kasi kwa kushtuka, gurudumu lako linamwacha na pengo la mita moja linamgharimu kila alichokiokoa. Unapaswa kuongeza kidogo kidogo, kama mtu anayemimina kahawa, na usiyumbe kushoto wala kulia hata kwa inchi.

Kama mita 350 kabla ya mstari niliona gurudumu kushoto kwangu. Mtu wa Mombasa alikuwa amechomoka, na mwenzake amemfuata. "Kaka, wanatupita!" kijana alipiga kelele. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuwafukuza. Miguu ilikuwa nayo, pumzi ilikuwa nayo, na kwa muda mfupi sana niliiona nafasi yangu mwenyewe, ileile ya mwaka uliotangulia. Nikapandisha gia moja, taratibu, nikabaki kwenye ukingo wangu. Walitutangulia kwa urefu wa baiskeli moja, kisha hawakuongeza tena. Nilimwona yule wa mbele akianza kutikisa kichwa na mabega, dalili ambayo niliifahamu vizuri, kwa maana ndivyo nilivyokuwa nimefanya mimi.

Jasho lilikuwa limenijaa machoni na sikuuona mkwaju. Niliendelea kuvuta mpaka nikasikia mlio wa tairi kulia kwangu na kijana akapita, amejikunja, hakutazama pembeni. Nilinyoosha mwendo wangu ili nisimzibie mtu, nikakaa. Nilivuka mstari nikiwa wa sita. Kijana alikuwa ameshinda kwa chini ya gurudumu moja.

Fedha tuligawana mafungu sita sawa dukani kwa Fundi, na mwalimu, aliyefika baadaye sana akiwa na chumvi usoni, alikataa fungu lake mara mbili kabla ya seremala kulitia katika mfuko wa fulana yake kwa nguvu.

Fundi hakunipongeza. Alisubiri barabara ifunguliwe na watu wapungue, akanitaka nimwonyeshe nilipoachwa na kijana. Tulitembea hadi kwenye mkwaju, nikasema ni mbele zaidi, tukasogea kuelekea mstarini hadi mahali palipokuwa na kiraka cha lami mpya nilichokumbuka kukipita nikiwa peke yangu. Alifunga kitambaa kwenye tairi, akasukuma baiskeli akihesabu kwa sauti mpaka mstarini, kisha akatoa daftari lake la madeni na kalamu. Mizunguko 62. Aliiandika, akaniangalia kwa muda, akasema, "Ulimbeba mita ishirini zaidi."

"Sikuuona mti, Fundi."

"Najua," alisema, akafunga daftari.