Maporomoko na Kuogelea Nusu Siku kutoka Nairobi: Uliza Kwanza Mto Umepita Wapi

Kila nikitangaza kwamba Jumamosi tunaenda maporomoko, lazima atokee wa kuniambia, "Si mwende Fourteen Falls, ni hapo tu." Hapo tu ni kweli. Ukifika Thika unashika barabara ya Garissa, unakata kuelekea Ol Donyo Sabuk, na umefika. Pia ni pazuri, sibishi. Lakini nikiwa na watu waliobeba nguo za kuogelea siwapeleki huko. Yale ni maji ya mto Athi, na Athi umeshapokea mto Nairobi, ambao nao umeshapokea Ngong na Mathare. Kilichomwagwa kwenye mitaro ya jiji zima kinashukia pale, na lile povu jeupe mnalopiga nalo picha si la maji peke yake. Ongeza viboko juu yake. Fourteen Falls ni pa kutazama na kurudi nyumbani mkiwa wakavu.

Watu huchagua maporomoko kwa picha. Mimi hufungua ramani kwenye simu, nikaufuata mto kinyumenyume hadi unapoanzia, nikiangalia umepita mitaa gani na mashamba gani. Ni kazi ya robo saa na inaondoa nusu ya ushauri wa TikTok. Karura, kwa mfano: matembezi safi, mapango ya Mau Mau yako karibu, ila kuogelea hawaruhusu, na mto wenyewe umeshapita kwenye makazi ya watu. Oloolua kule Karen: kivuli kizuri, pango, mto Mbagathi, njia inayowafaa watoto. Kuogelea, hapana. Blue Post ya Thika, hoteli ya tangu 1908, ina maporomoko mawili kwa mpigo, ya Chania na ya Thika. Mito hiyo yote miwili inatoka Aberdare na ndiyo inayoinywesha Nairobi: bwawa la Ndakaini liko kwenye mto Thika, na maji ya Chania husafishwa Ng'ethu kabla ya kufika kwenye mifereji yetu. Lakini ikifika Blue Post imeshapita mashamba ya chai, ya kahawa, na vijiji kadhaa.

Basi dawa ni kupanda. Fuata Chania hiyo hiyo kwenda juu mpaka chai inapokutana na msitu. Kutoka Thika kuna lami inayopita Mang'u na Gatukuyu, ikaendelea kupanda mpaka kutokea pale panapoitwa Flyover, kwenye barabara ya Naivasha. Sehemu ya juu ya njia hiyo ina vijito vingi vya maji meupe, vyenye maporomoko ya mita tatu, nne, tano, na chini ya mengi yake kuna kidimbwi. Vingi havina jina kwenye ramani. Kile chetu sikitaji. Kikijaa watu kila wikendi nitaogelea wapi? Waulize wachuma chai wa huko, na swali lenyewe lisiwe "Maporomoko yako wapi?" bali "Vijana wa hapa huogelea wapi?" Majibu yake hayafanani hata kidogo.

Ukishapata jibu, jua uko kwa nani. Kikiwa ndani ya shamba la mtu, piga hodi, salimia wazee, na uache kitu kidogo. Kikiwa msituni, hiyo ni mali ya Shirika la Misitu: unalipia kuingia, na unaomba skauti, yaani mlinzi wa kuwasindikiza, kutoka jumuiya ya msitu wa eneo hilo. Malipo hayo hubadilika, ila kwa mwananchi ni mamia ya shilingi, si maelfu, na hulipwa kwa simu, kwa hiyo yamalize ukiwa bado juu barabarani. Bondeni mtandao hupotea kabisa. Skauti si mapambo. Aberdare imezungushiwa ua wa umeme uliokamilika 2009, na ukivuka upande wa ndani wa ua huo kuna ndovu na nyati. Hapo bila skauti sikanyagi, hata kama kidimbwi kinang'aa namna gani.

Saa huzipanga kuanzia mwisho. Mvua ya milimani hupenda alasiri: jua la asubuhi linapasha bonde, mvuke unapanda, kufikia saa sita mawingu yameshaketi kwenye vilele, na saa nane yanakunyeshea. Kwa hiyo saa tano na nusu kila mtu awe nje ya maji. Rudi nyuma saa moja na nusu ya kuogelea na kupumzika, dakika arobaini za kushuka bonde, saa mbili za gari. Inakuwa kuondoka Roysambu, Nairobi, saa moja na robo asubuhi, na gari haling'oi nanga saa mbili kwa sababu ya mtu anayetafuta chaja. Kupanda kutoka mtoni huchukua karibu mara mbili ya kushuka. Hilo wengi hulisahau kwa sababu asubuhi miguu ilikuwa mipya. Saa tisa hivi mko Nairobi.

Miezi nayo ina maneno yake. Januari na Februari ndiyo yenyewe. Aprili, Mei na Novemba mnaenda kutazama tu. Julai na Agosti mito imetulia lakini baridi ya kule juu haina huruma. Na hata katika mwezi mzuri, kama imenyesha sana mlimani usiku wa Ijumaa, naahirisha na kelele za grupu navumilia.

Sasa nije kwenye kifaa ninachojivunia: mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano, ule wa njano, pamoja na kamba. Jaketi za kuelea za kukodi ni ghali na mara nyingi vifungo vimekufa. Mtungi mtupu uliofungwa vizuri unabeba kama kilo tano majini, na kichwa cha mtu kukaa juu ya maji hakihitaji zaidi ya hapo. Mwanzoni tuliujaribu ukiwa mtupu kabisa. Ulirushwa, upepo wa bonde ukaushika katikati ya safari, ukarudi kumpiga aliyeurusha. Tukajaza nusu, ukaruka kama jiwe, na ungemshukia mtu ungemvunja pua. Kipimo kinachofaa ni vikombe viwili vya maji, nusu lita hivi: unaruka mahali unapoutuma na bado unaelea ukiwa umesimama wima, shingo juu. Kifuniko kaza kwa mkono, kisha zungushia mpira wa tairi la ndani la baiskeli ili kisifunguke.

Kamba nayo si kamba yoyote. Ya mkonge ikilowa inavimba na kuzama, na ya nailoni inazama pia. Nunua ile ya plastiki ya bluu ya kufungia mizigo kwenye pikapu, unene wa kidole kidogo, yenyewe huelea. Mita ishirini zinatosha, na utaipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Usiifunge mafundo katikati, maana fundo hukwama kati ya mawe. Mimi huweka alama za utepe mwekundu kila nusu mita, na kwa hizo kamba hiyo hiyo inapima kina. Kurusha: simama imara, elekeza mtungi upite kidogo juu ya mtu, upande maji yanakotoka, ili mkondo umletee. Akishika, ageuke alale chali, nawe kaa chini, uache maji yamsukume hadi ukingoni. Usiifunge kamba kwenye kiganja chako kamwe. Akivutwa yeye, utafuata.

Na uzuri wa mtungi huo ni kwamba unaenda umejaa maji ya kunywa. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku ndani ya misitu na mbuga, kwa hiyo zile katoni za maji mnazobeba mtazirudisha langoni. Kila mtu aje na chupa yake ya chuma au ya kudumu. Mkifika mtoni mtungi unamiminwa kwenye chupa, inabaki ile nusu lita, na boya liko tayari kabla mtu wa kwanza hajavua shati. Simu ziingie kwenye mkebe wa mafuta wa kilo mbili wenye mfuniko. Mifuko ya nailoni tuliiaga 2017.

Viatu: raba za kitambaa za zamani, zilizochakaa. Slipas hapana. Akala ni hodari kwenye matope, lakini kwenye jiwe lililolowa zinakusaliti. Kwenye mawe yenye ukoko wa kijani, vaa soksi nzito za sufu juu ya raba. Watu watacheka mpaka wakuone umesimama pale wao wamekaa kwa makalio. Suruali ndefu kwa sababu ya thabai, ule mmea unaowasha. Ukiikwaa kwa paja tupu siku imeharibika. Kwa siafu, usisimame penye majani yaliyooza bila kutazama chini.

Mkifika, hakuna kuruka. Wa kwanza kuingia achomeke kijiti pale maji yanapoishia. Kila dakika kumi na tano mtu anakiangalia. Maji yakipanda upana wa vidole viwili, yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, au majani na vijiti vikianza kushuka kwa wingi, wote nje na juu, hata kama jua linawaka juu yenu. Mvua ya kule juu huwezi kuiona ukiwa bondeni. Unaletewa habari zake na mto. Kijiti kimewahi kutuondoa maji yakiwa bado meupe, na tulipokuwa tunafunga viatu yale mawe tuliyokuwa tumekalia yakawa hayaonekani tena.

Kisha pimeni. Funga jiwe la ukubwa wa ngumi kwenye mwisho wa kamba, lishushe katikati, pembeni, na pale watu wanapotaka kurukia, huku ukisoma zile tepe nyekundu. Pimeni hata kama mlikuja mwezi uliopita, kwa sababu mafuriko huhamisha changarawe na kuacha magogo. Kwetu chini ya mita tatu hakuna anayeruka, na kichwa mbele hakuna hata ziwe mita kumi.

Chini kabisa ya maporomoko, pale kila mtu anapotaka picha, ndipo pabaya zaidi. Maji yenye povu yamejaa hewa, na hewa haikubebi. Anayeelea vizuri kwenye kidimbwi cha hoteli atazama pale akishangaa. Tena yale maji yakishapiga chini huinuka mbele kidogo na sehemu yake hurudi kuelekea ukutani, hivyo yanakuvuta kule kule unakotaka kutoka. Ukijikuta humo usipigane nayo uso kwa uso, kata upande. Na mawe huanguka kutoka juu. Sisi huingilia mkiani mwa kidimbwi, ambako maji yanatoka taratibu na chini kunaonekana, na tunaacha mita tano kutoka kwenye pazia la maji.

Baridi. Jameni, baridi. Maji ya Aberdare yakikugusa kifua, pumzi inakatika bila kukuomba ruhusa, na anayeruka moja kwa moja huvuta hiyo pumzi akiwa chini ya maji. Lowesha uso na shingo, ingia hadi kiunoni, subiri kama dakika moja pumzi ikae sawa, ndipo uogelee. Dakika kumi, nje. Midomo ikiwa ya bluu au mtu akianza kutaja maneno nusu nusu, nguo zote za maji zitolewe, sweta kavu, kofia, chai ya tangawizi yenye sukari nyingi. Pombe haiji safari hii, na anayeileta ndiye anayebaki na mizigo. Kuhusu kichocho, konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia na ya vuguvugu, si haya ya kasi na baridi. Hata hivyo usiyameze. Ng'ombe nao hunywea hapo hapo.

Chakula mle baada ya maji: nduma, mayai ya kuchemsha, chapati iliyokunjwa na maharagwe. Maganda ya mayai yanarudi nyumbani pia.

Gari: mkiwa kumi na wawili, kukodi matatu ya viti kumi na vinne kwa nusu siku ni elfu nane hadi kumi hivi, kutegemea mtajadiliana vipi na mafuta ni ya nani, kwa hiyo kila mtu anatoa elfu moja na kitu na langoni mnabaki na cha kulipia. Mkiwa watatu, pandeni matatu ya Thika, mbadilishe ya kwenda juu, na boda iwamalizie. Mwambie dere kabla ya siku kwamba kipande cha mwisho ni murram, maana wengine wakiona matope wanakumbuka shughuli Nairobi. Ageuze gari liangalie barabarani kabla hamjashuka bondeni. Mvua ikipiga udongo ule mwekundu, kugeuza kwenye mteremko ni shughuli ya kusukumwa na kijiji. Nusu ya pesa mlipe mkiondoka, nusu mkishashuka Roysambu.