Tui Limekatika Mbele ya Mama

Nimerudi Wete, Pemba, na huu ni mwezi wa pili sasa, baada ya miaka 11 ya Maskati, Oman. Watu wakiniuliza nimekuja na nini nawajibu kweli: mabegi mawili, kilo mbili za ndimu kavu, na kiburi cha mwanamme aliyejifunza kupika mwenyewe. Mabegi yapo. Ndimu zimebaki chache. Kiburi kilikwisha siku ya tatu, uani kwetu, juu ya jiko la makaa.

Safari yenyewe haina mengi. Unguja nililala usiku mmoja, nikala urojo bakuli mbili, boti ikanishusha Mkoani. Wanaoandika habari za Pemba hupenda kuanza na harufu ya karafuu. Mimi kiyoyozi cha boti kilinipa mafua, sikunusa kitu mpaka nimeshaipita Chake.

Nirudi jikoni. Kule tulikuwa vijana watano chumba kimoja, Wapemba wanne na mmoja wa Makunduchi, na kupika ni zamu. Niliondoka hapa sijui hata kuosha mchele, maana mvulana wa nyumba yetu akiingia jikoni ni kuuliza kama chakula kimeiva. Basi zamu yangu ikifika nampigia mama simu. "Mama, wali wa nazi vipi?" "Tia tui la kutosha." "La kutosha ni kiasi gani?" "Mpaka ulione limetosha." Na mimi nimesimama na kopo la tui mkononi, jamaa wanne nyuma yangu wanagonga sahani kwa njaa.

Nikanunua daftari. Kila nilichopika kikatoka vizuri nilikiandika kwa vikombe na vijiko: pweza wa nazi, mchuzi wa tungule, yaani nyanya, mseto wa choroko, mpaka boko-boko. Hilo la boko-boko lilinishangaza, kwa sababu Waomani nao wanalo, ngano na nyama zilizopondwa mpaka zikashikana, wao wanaliita harisi. Nilikuwa nimekaa na daftari langu nimtafute mama anifundishe kitu ambacho jirani wa mlango wa pili alikuwa anakipika kila Idi. Baada ya miaka kadhaa daftari lilijaa, na pweza wangu akawa anaulizwa na watu wa nyumba nyingine. Ndicho hicho kiburi.

Siku ya tatu mama kaletewa shelisheli kutoka shamba. Kwa msomaji wa bara asiyelijua: ni tunda la duara, ganda la kijani, jina moja na vile visiwa vya Shelisheli, na ingawa ni tunda sisi tunalila kama muhogo. La kuchoma, la kukaanga vipande mpaka viwe vikavu, na la nazi, ambalo ndilo hasa. Nikasema, "Mama, leo pumzika, napika mimi." Hakujibu. Alivuta mbuzi, akakaa, akaanza kukuna nazi, kama mtu aliyesema haya, nakusaidia hapa tu. Kifumbu cha marehemu bibi bado kimetundikwa ukutani, lakini tui siku hizi linachujwa kwa chujio la plastiki la dukani.

Nikalimenya, nikatoa moyo, nikakata vipande. Nikatia tui la pili, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Likaiva, likawa laini. Mama hakuwa na la kusema, na mimi nikaona nimeshafaulu. Nikamimina kasimile, lile tui zito la kwanza, nikafunika sufuria, nikatoka barazani kumuamkia mzee aliyekuwa anapita.

Niliporudi tui limekatika. Mafuta ya manjano yanaelea juu, chini maji, na katikati vipande vyeupe vyeupe kama maziwa yaliyochacha. Mama akafunua, akatazama, akafunika tena. Kisha akaniuliza taratibu, "Kwani kule hulikorogi?"

Sikuwa nalikoroga. Miaka 11 sikulikoroga hata siku moja, na wala halikuwahi kunikatikia. Tui la kopo hutiwa vitu vya kulishikanisha, unaliacha linatokota unaenda kusali unarudi, limetulia. La nazi iliyokunwa sasa hivi linashikwa na mwiko tu. Ukishamimina kasimile usifunike, moto upunguze, koroga bila kusita na usiende kumuamkia mtu, na likianza kutokota pembeni epua. Daftari zima halina mstari huo. Nilikuwa nimejifunza kupika kopo.

Tulilila, na utamu ulikuwepo ukifumba macho. Tatizo ni kwamba mama alikuwa ameshapakua sahani nyingine, ameifunika kawa.

Ilikuwa sahani ya Shangazi. Si shangazi wa damu, ni jirani wa nyuma ambaye mtaa mzima tunamwita hivyo, na siku niliyofika alituletea mkate wa kumimina kwenye sahani ile. Sahani ya mtu kwetu hairudi tupu. Nilimsihi mama, nikamwambia turudishe hata ndizi mbivu, hata sukari. Akasema sahani imeshakaa siku mbili, aibu ya kuichelewesha ni kubwa kuliko ya tui. Ikaenda.

Kesho yake mchana ikarudi kwa mkono wa mjukuu wake, muhogo wa nazi ndani, tui limelala juu ya vipande zito na jeupe, halina hata tone la mafuta. Mtoto akasimama wima kama yuko skuli, akasema, "Shangazi anasema utazame kwanza, ndiyo ule."

Niliangalia video nyingi sana za mapishi Maskati, na wala sizidharau, zingine zilinilisha. Lakini hakuna iliyonitazama mimi nilichokosea ikanijibu. Tangu siku ile nimeanza kuzisoma sahani zinazopita ua wetu. Nyumba ya kulia bamia wanazikaanga kabla ya kuzitia mchuzini, ndiyo maana hazivuti utelezi. Mke wa mvuvi wa mbele anatia embe mbichi kwenye mchuzi wa vibua pasipo tungule hata moja, na mama, ambaye mbele ya watu husema mchuzi usio tungule ni maji ya kuoshea samaki, wiki iliyopita nimemkuta anaujaribu.

Ikawa zamu yangu tena kurudisha sahani, na safari hii nikaona nisishindane nao kwenye nazi. Nilipika kabuli, wali wa Kiomani, kwa nyama ya mbuzi, mdalasini, hiliki, na ndimu kavu tatu nilizozitoboa. Jioni Shangazi alikuja mwenyewe, sahani mkononi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Wali mzuri. Ila nani katia komwe za bao kwenye chakula?"

Kweli, ukizitazama, zinafanana na komwe zilizoungua. Nikamletea nzima, nikampasulia moja, akanusa, akanusa tena, akaondoka na nne kwenye ncha ya kanga bila ya kuomba. Siku mbili baadaye ikaja sahani ya mchuzi wa papa mkavu. Shangazi hutia ukwaju kwenye mchuzi huo miaka yote. Safari hii uchachu ulikuwa wa aina nyingine, una moshi kidogo, na haukuwa na ule uchungu ambao wa kwangu huwa nao mwishoni na nikadhani ndio ulivyo. Alikuwa ametoa mbegu. Miaka 11 nazitia na mbegu zake, na mwanamke aliyeziona juzi tu kashajua.

Akataka kujua zinatengenezwaje. Nikamwambia nilivyosikia kule: ndimu huchemshwa kwa maji ya chumvi, zikaanikwa juani siku nyingi mpaka zikawa nyeusi na nyepesi. Akapiga kofi. "Na mimi zinaniozea chini ya mti!"

Huu ni msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa kila penye jua. Shangazi alitaka pembe ya jamvi letu, mama akakataa katakata. Tangu kimbunga cha 1872 kiangushe mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiko iliko karafuu nyingi, na mama haoni sababu ya kuzichezea kwa ajili ya ndimu za majaribio. Tukatafuta jamvi kuukuu, tukazianika peke yake karibu na ukuta wa choo, ambako kuku hawafiki sana. Mvua za vuli zimeshatukimbiza mara tatu. Mara ya mwisho watoto walikimbilia karafuu, na Shangazi, mwenye magoti mabovu, akaruka ua kuokoa ndimu.

Leo ni siku ya tisa. Zimepiga rangi ya kahawia upande mmoja, mbili zimeota ukungu tumezitupa. Kila magharibi anamtuma mjukuu kuniuliza zimekauka au bado, na mimi sijui, maana zangu nilizinunua dukani zikiwa tayari. Jana mtoto kasimama mlangoni wima vile vile: "Shangazi anauliza ziachwe juani mpaka lini."

Nikamwambia, "Mpaka azione zimetosha."

Mama alikuwa anakoroga tui. Alicheka mpaka akaushika mwiko kwa mikono miwili, lakini hakuacha kukoroga.