Nilivyovalisha kochi langu ngozi yenye makovu

Mtu akikwambia ngozi nzuri ya kochi haina alama hata moja, mwombe akuonyeshe ng'ombe aliyekua bila kuumwa na kupe. Ushauri huo wa kutafuta ngozi isiyo na alama nilipewa na kila niliyemuuliza, akiwemo muuza makochi mmoja aliyenisisitizia: "Dada yangu, hii leza orijino, pitisha mkono, haina doa." Kweli haikuwa na doa. Ila vitundu vya vinyweleo vilijirudia kwa mpangilio uleule kila baada ya shibiri moja, kama maua ya kitenge. Nikafunua kona ya chini nione mgongo wake: kitambaa cha kufumwa! Ngozi halisi kwa nyuma ina nyuzinyuzi zenye manyoya manyoya, huwezi kuhesabu msuko.

Mali ile naijua. Chenga za ngozi zinasagwa, zinachanganywa na gundi, zinabandikwa kwenye kitambaa na kupakwa plastiki juu. Tuliwahi kuwa na kochi la namna hiyo hapa Dar. Joto na jasho vilipolizoea, likaanza kubabuka pale pa kukalia, wageni wakawa wanaaga huku wamebeba magamba meusi kwenye suruali.

Safari hii nilikuwa na fremu ya mninga, ya urithi, ngumu kuliko mafundi wa siku hizi wanavyopenda. Nikataka ngozi ya ng'ombe hasa. Fundi wangu wa Keko, mzee mstaarabu sana, akanishauri nichukue "ngozi ngumu, ya mkanda, ndiyo inadumu". Hiyo huwa imetengenezwa kwa dawa ya maganda ya miti, kama miwati inayolimwa Njombe. Ni nzuri kwa mikanda na soli, lakini ukiipinda kwenye kona ya mto inagoma. Ya makochi mara nyingi hutengenezwa kwa dawa ya kromu, inakuwa laini, na unene wake ni kama milimita 1 hadi 1.4 hivi. Nikamwambia mzee asante, nikafuata njia yangu.

Kwenye kuchagua nilitembea na kichupa cha maji, wauzaji wakaniona mchawi. Tone moja pembeni, kisha subiri. Likinywewa haraka na pale pakaiva rangi, hiyo ni anilini: rangi imezama ndani, juu hakuna mpako. Ukiigusa hutaki kuondoa mkono, lakini inakunywa kila kitu, chai, jasho, mafuta ya nywele. Tone likibaki limekaa juu kwa raha zake, ngozi ina mpako mzito wa rangi. Hiyo mara nyingi imesuguliwa msasa kufuta makovu, kisha ikachapwa vitundu vipya. Si bandia, na kwa nyumba yenye watoto inafutika vizuri, ila imepoteza sura yake. Nilichotaka kiko katikati, nusu anilini, yenye mpako mwembamba unaoacha vitundu vya asili vionekane. Swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi laini juu, sikuihangaikia, na vumbi hili! Tabaka la chini, linalobaki ngozi ikishapasuliwa kuwa tabaka mbili, ni la bei ndogo na ni dhaifu. Nililinunua kidogo kwa ajili ya mgongo wa kochi unaotazama ukuta.

Sasa uhondo wenyewe. Nilichukua ngozi ambazo wenzangu walizipita: mikwaruzo ya miiba, vitone vya kupe, mikunjo ya shingo, moja ina chapa ya moto kubwa. Bei ikashuka vizuri tu. Fundi alitaka kupanga vipande kama anavyopanga kitambaa, kubananisha ili ngozi isipotee bure. Nikakataa. Nilizitandaza sebuleni mchana, madirisha wazi, nikakata mifano ya kila kipande kwa magazeti, nikashika chaki. Kovu lililopona halina neno, nalizungushia duara la kawaida. Kinachotisha ni kisu cha mchunaji, hakionekani juu, geuza nyuma utakikuta kimekula nusu ya unene. Hapo nilipiga msalaba.

Halafu nikavuta kila sehemu kwa mikono miwili. Mgongoni na kwenye makalio nyuzi zimeshikana, haivutiki ovyo, hiyo nikaipeleka kwenye kukalia. Tumboni inavutika. Ukiiweka kwenye kukalia, baada ya miezi inabaki na bonde, kwa hiyo nikaipeleka pembeni kwa chini. Mikunjo ya shingo nikaiweka mbele ya mikono yote miwili ya kochi, ikikabiliana. Chapa ya moto, ambayo fundi alitaka kuificha, nikaiweka nje ya mkono wa kulia, mlangoni kabisa. Kila anayeingia anauliza nimeichonga wapi.

Usiruhusu pini wakati wa kupima. Sindano ikishatoboa ngozi, tundu halizibiki. Nilimpa fundi vibanio vya nguo, akacheka, siku hizi anavitumia kwa wateja wengine bila hata kunitaja.

Gharama? Milioni na kitu, pamoja na sponji mpya na soda za vijana.

Kwenye kulitunza, watakuja na mafuta ya nazi, watakuja na rangi ya viatu. Wakatalie. Mimi nafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nimelisogeza mbali na jua la dirishani, na masika nalivuta mbali na ukuta lisishike ukungu. Pale pa kuegemeza kichwa nimetandika kitambaa, na mgeni mwenye mafuta mengi nywelani namkaribisha kwa heshima zote kwenye kiti cha plastiki.