Shavu Moja Paris

Dada muuzaji alinishika kidevu kabla sijamjibu. Nilikuwa nimejibanza tu mlangoni mwa duka la vipodozi, barabara ya Champs-Élysées, nikikwepa mvua. "Ngozi yako imechoka," aliniambia kwa sauti ya nesi, akanipaka krimu shavu la kushoto peke yake ili nijionee tofauti. Nikashukuru, nikaahidi kurudi (uongo), nikatoka na shavu moja limehudumiwa, la pili limebaki na uchovu wake.

Safari yangu ilikuwa ya Grand Palais, mwendo mfupi kutoka hapo. Jumba hilo la chuma lilijengwa kwa Maonyesho ya Dunia ya 1900, na watalii hulipiga picha kwa sababu ya paa lake la vioo. Mimi nilifuata busu. Mwaka 1977, lilipofanyika hapo soko la sanaa la FIAC, msanii wa Kifaransa anayejiita ORLAN aliketi nyuma ya picha ya kiwiliwili chake kikiwa uchi, ukubwa wa mtu kamili, iliyoundwa kama mashine ya kuuzia bidhaa. Unatumbukiza sarafu ya faranga 5, unaiona ikiteremka hadi kwenye chombo kilichotegwa chini ya tumbo. Ikishatua, ORLAN anakubusu. King'ora kikilia, zamu yako imekwisha. Kando palikuwa na picha yake nyingine, amejivika mashuka kama mtakatifu, na kwa faranga 5 zilezile ungeweza kumwekea mshumaa. Kazi hiyo aliiita Le Baiser de l'artiste, yaani busu la msanii. Kibarua chake cha ualimu kiliota nyasi kwa ajili yake.

Nilikaa sana pale nje, mvua imekatika, nikimfikiria mtu wa kwanza kwenye foleni. Kaja kutazama sanaa, sarafu imeshika jasho kiganjani, na wote walio nyuma yake wanamtazama yeye. Akitoa sarafu, amenunua mwanamke hadharani. Akichagua mshumaa, bei ni ileile.

Nikapanda metro, laini ya 1, nikashuka kwenye jumba la makumbusho la Louvre. Humo sikukaa. Umati ulikuwa umeuzunguka mchoro wa Mona Lisa, simu zimeinuliwa, na kwa juu ya vichwa nilifanikiwa kuona paji la uso tu. Bahati nzuri hilo ndilo nililolifuata. Kati ya 1990 na 1993 ORLAN alifanyiwa upasuaji wa urembo mara 9 na kuuita sanaa. Paji alilichukua kwa Mona Lisa, kidevu kwa Venus, mungu wa kike aliyechorwa na Botticelli. Hakutafuta kufanana nao. Alipewa sindano ya ganzi tu, akabaki macho, akisoma vitabu kwa sauti huku kisu kikitembea, yeye na madaktari wamevaa mavazi ya wabunifu wa mitindo.

Upasuaji wa Novemba 21, 1993 ulifanyika New York na kurushwa moja kwa moja hadi kituo cha sanaa cha Centre Pompidou hapa Paris, watazamaji wakiuliza maswali kwa simu na faksi. Siku hiyo aliwekewa juu ya nyusi vipandikizi ambavyo kwa kawaida huwekwa mashavuni, vikatokeza vinundu viwili alivyonavyo hadi leo. Ujanja huo naupenda: bidhaa ni ileile ya kiwanda cha urembo, ila imewekwa mahali ambapo hakuna aliyeitamani. Lakini nikiri, zile damu hazinifikii kama lile busu. Mbele ya skrini mtazamaji akiogopa hufumba macho. Kwenye foleni ya faranga 5 hapakuwa na pa kujificha.

Kituo cha mwisho kilikuwa Hôtel de Ville, kisha miguu hadi Pompidou. Nilijua limefungwa kwa ukarabati wa miaka kadhaa, nikaenda vivyo hivyo. Jengo lile lina matumbo yake nje: mabomba ya kijani ya maji, ya buluu ya hewa, ya manjano ya umeme. Nilizunguka uzio nikitafuta pembe nzuri, nikajipiga picha nayo nyuma yangu, shavu la kushoto mbele. Nilitaka kuona kama ile krimu ilifanya kazi.

Nikaikuza picha. Mashavu yote mawili yalikuwa laini kama yai. Kovu langu dogo la utotoni, chini ya jicho la kulia, halikuwepo. Nikaingia kwenye mipangilio ya kamera, na huko nikakuta neno "urembo" limewashwa, nambari 4 kati ya 10. Sikumbuki kuliwasha.