Komwe limekunywa maji

Hatimaye! Komwe moja, ile mbegu ngumu ya kijivu ya mkomwe, limevimba kwenye bakuli mpaka ganda likapasuka, na mzizi mchanga umeanza kuchungulia. Wenzake ambao sikuwapiga tupa bado wanaelea wakavu, utadhani wametiwa bakulini leo.

Mradi ni uleule: mikomwe ya uzio nyuma ya nyumba, na kete zangu mwenyewe za bao, maana seti yangu ya 64 hupungua kila wapwa wakija likizo. Habari za udongo na viriba naziruka. Shida yote ni ganda.

Kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, kiko hai, kotiledoni (majani yake ya kwanza, manene) zimejaa chakula, kinachokosekana ni maji tu, na ganda la komwe halipitishi maji. Ndiyo maana mbegu hizi huelea baharini na mikondo huzitupa hadi fukwe za Ireland na Scotland. Ukiligeuza komwe juani utaona mistari myembamba imelizunguka, na kovu dogo pale liliposhikana na tumba lake, ule mfuko uliobeba mbegu. Mimi nilitegemea maji yapenye kwenye kovu. Wapi! Jamaa zake wa ukoo wa kunde, kama lupini na klova, wana kovu linalofanya kazi ya vali: hewa ikikauka linafunguka, unyevu unatoka, hewa ikiwa na unyevunyevu linajifunga. Mbegu inajikausha huku imebana mlango. Sijui komwe nalo lina mtego huo au la, ila ukaidi ni huohuo.

Maji yaliyotoka kuchemka nimeyamwagia makomwe, nikayaacha yapoe nayo humo usiku kucha. Hakuna kitu. Asidi ya betri ninashauriwa kila siku, na sitaki kuisikia: wanaolainisha mbegu kwa asidi ya salfuriki hutumia ile kali isiyochanganywa na maji, wakati ya betri ni kama theluthi moja tu asidi. Utaunguza vidole na komwe litakucheka. Msasa unaling'arisha, basi.

Kilichofanya kazi ni tupa ya pembe tatu, ile ya kunolea msumeno, na komwe limebanwa kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya ndara kuukuu ili lisichomoke. Fundi jirani aliniletea grinda kwa moyo mweupe. Nilimrudishia. Grinda inakula milimita kabla hujapepesa, tena inachemsha. Ukishakipika kiinitete unangoja nini? Kwa tupa unasoma rangi. Kwanza vumbi la kijivu, kisha tabaka la hudhurungi ambalo ndilo nene na gumu kuliko yote, halafu ghafla nukta ya rangi ya maziwa. Hapo hapo unaacha, umefika kwenye kotiledoni. Piga upande wa mgongoni, mbali na kovu, kwa sababu mzizi mchanga umelala karibu na kovu. Kisha maji ya kawaida, na asubuhi unakuta mbegu imenenepa, nzito mkononi, kijivu kimefifia.

Nilipanga zamu inayofuata iwe ya tipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi kwenye kovu. Nimeghairi. Ndani yake mna abrini, sumu kali, na ganda ndilo linaloifungia. Vumbi la tupa lile silivuti puani.

Isitoshe nimepata wazo jingine, na mashimo ya uzio yatasubiri. Tumba la komwe likiwa bado bichi, mbegu zake ni laini na za kijanikijani. Kijivu na ugumu huja zikikauka. Sasa kwa nini ningoje zijifunge ndipo nihangaike kuzifungua? Kuna kichaka cha mikomwe njia ya ufukweni, kina matumba mabichi tele, nacho kimejaa miiba mpaka kwenye matumba yenyewe. Natafuta glovu za ngozi, za mpira zimeshatoboka zote.