Kwenda Eskişehir, kiko kirudi kwao

Eskişehir, mji wa Uturuki, unafika kwa treni ya kasi kutoka Istanbul, safari ya saa tatu kasoro hivi, na kwa mvuta kiko ni saa tatu kasoro za kukaa mikono mitupu, maana kwenye behewa kuvuta marufuku, ndani ya stesheni marufuku, na tangu 2009 migahawa yote ya Uturuki ndani ni marufuku pia. Kwahiyo kiko changu kilisafiri kimefungwa kwenye kisanduku chake na mimi nikabaki kuchungulia dirishani.

Kiko chenyewe ni cha mirshaumu, lile jiwe jeupe jepesi ambalo ukilivutia tumbaku mwaka hadi mwaka linaanza kuwa njano, halafu rangi ya asali, halafu kahawia yenye wekundu, na viko vya zamani sana unakuta shingo imeshakuwa nyeusi kabisa. Changu kilikuwa kimegoma njiani. Shingo kahawia safi kabisa ila bakuli kwa juu bado jeupe, tena lina ukungu ukungu fulani, na ukiuliza mtandaoni kila mtu ana dini yake, huyu anakwambia vaa glavu za pamba kila ukikishika, yule anakwambia glavu ni mbwembwe tu. Nikaona bora niende kwa wenye jiwe lao.

Mtaa wa kwenda ni Odunpazarı, mji wa zamani wenye nyumba za mbao zilizopakwa kila rangi, na hapo kuna Atlıhan, jengo la mafundi wa kazi za mikono ambapo vibanda kibao vinauza lületaşı, ndiyo mirshaumu hiyo hiyo. Vichwa vya masultani wenye vilemba, tai wameshika yai, mafuvu, mpaka unachoka kuangalia. Mimi vya kuchongwa sana sivipendi, rangi inajificha kwenye ndevu za sultani, nipe bakuli laini tupu nione linavyobadilika. Nikazunguka weee mpaka nikampata mzee mmoja amekaa mlangoni na ndoo ya maji miguuni, mpwa wake anaongea Kiingereza, nikasalimia, nikamwita usta kama wenyewe wanavyowaita mafundi, chai ikaja kwenye vile viglasi vyao vidogo hata sijasema shida yangu.

Ndoo ile ina sababu. Jiwe likitoka ardhini lina maji na ni laini, kwahiyo wanalichonga likiwa limelowa, na nimemuona kwa macho yangu anapitisha kisu na jiwe linatoka vipande vyembamba kama jibini, hakuna nyundo wala nini. Likikauka linakuwa gumu kidogo lakini hata hapo kucha yako inaacha mkwaruzo, na linakuwa jepesi kiasi kwamba kipande kikavu ukikitupa majini kinaelea, maana ndani ni vitundu vidogo vidogo vitupu. Hivyo vitundu ndivyo vinavyonyonya majimaji ya tumbaku na lami yake. Baada ya kukausha na kusugua wanakichovya kiko kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa, na hapo ndo penye siri yote.

Akakichukua changu, akakipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani ya bakuli, kidole kikatoka kisafi, akatikisa kichwa kuonyesha sawa. Maana kiko cha mbao tunakiacha kijenge tabaka la masizi ndani ili mbao isiungue, cha jiwe hapana, masizi yakijaa yanaziba vitundu na yanaweza hata kulipasua bakuli kwa joto, kwahiyo kila ukimaliza kuvuta unafuta ndani kwa tishu kavu na kupitisha waya wa kusafishia kwenye mrija, ile sehemu ya kuwekea mdomoni. Spiriti usiweke kabisa. Na mrija usiuzungushe kutoa wakati kiko bado cha moto, shingo inaweza kuvunjika.

Tatizo la changu, alisema mpwa huku mzee anaongea kwa mikono, nta imeisha. Joto la kuvuta linaiyeyusha kidogo kidogo, na bila nta rangi haina wa kuivuta ije juu, inabaki ndani huko. Na akaniuliza unavutia wapi, nikasema nje, baraza, upepo upo, mzee akacheka. Upepo unachochea moto, bakuli linachemka, nta inakimbia haraka zaidi. Polepole, anasema, bakuli liwe la joto la kuvumilika mkononi ila usilishike. Kuhusu glavu alisema shika mrija tu, glavu za nini, nta ikiwa ya moto ndo alama za vidole zinabaki.

Akaiyeyusha nta kwenye kisufuria, akakipasha kiko joto taratibu, akachovya, akazungusha, akatoa, akafuta kwa kitambaa. Aisee. Ule ukungu ulipotea pale pale na chini yake kulikuwa na njano ya asali ambayo ilikuwepo muda wote, imelala ndani ya jiwe, ila ilififia tena kidogo kilipopoa, akasema kawaida, vuta utaiona inarudi.

Makumbusho ya lületaşı yako hapo karibu, ndani ya eneo la msikiti wa Kurşunlu wa karne ya 16, pitia ila usitumie siku nzima. Bora kijiji cha Beyazaltın, nje ya mji, ambako jiwe lenyewe linachimbwa kwa visima vinavyoshuka makumi ya mita, linapatikana mabonge mabonge tu, siyo mwamba mzima, mchimbaji anaweza kuchimba siku nzima apate vibonge vya mkononi. Huko usafiri wa umma ni wa shida, kodisha gari.

Nilitaka kununua bonge ghafi nikaambiwa hilo halitoki nchini, toka miaka ya 1970 serikali ilizuia kuuza nje jiwe ambalo halijachongwa, kazi ya mikono ibaki kwao, kabla ya hapo mawe mengi yalikuwa yanaenda Vienna kuchongwa huko. Nikamwambia mpwa hata kwetu lipo, Sinya upande wa Tanzania chini ya Amboseli, viko vyake vilikuwa vinatengenezwa Arusha, vizito kidogo na vingi vimevalishwa ngozi. Mzee alipotafsiriwa akataka kujua vinashika rangi vipi chini ya ngozi. Sikuwa na jibu, nikamwachia namba yangu, na mpwa keshanitumia meseji mbili anauliza kiko cha Arusha nitamletea lini.