Mtoto aliyelazwa kabla ya kuzaliwa: siku ya karani wa rekodi Malindi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai, mahamri mawili na mbaazi, halafu tuktuk kutoka Maweni. Dereva akisikia nafanya kazi hospitali hunionyesha goti lake. Mimi si daktari, kaka. Ni karani wa rekodi, na siku hizi nimepangiwa utafiti wa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wiki 37.

Saa mbili niko kitini. Chumba chetu kiko nyuma ya stoo ya faili: kompyuta moja, feni moja, vumbi lisiloisha. Wagonjwa wengi wanaamini kazi yetu ni kunywa chai na kupoteza faili zao. Haya, nieleze. Mama anayeelekea kujifungua mapema huchomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Sindano za jamii hiyo zilijulikana mwaka 1972, madaktari Liggins na Howie walipochapisha majaribio yao ya Auckland, New Zealand. Sindano anachomwa mama, kwa hiyo imeandikwa kwenye faili la mama. Oksijeni imeandikwa kwenye rejista ya wodi ya watoto wachanga. Uzito wa mwezi wa sita, macho na masikio, vimebaki kliniki. Ukitaka kujua kama sindano ilimfaa mtoto, lazima mtu ahakikishe kwamba karatasi za vyumba hivyo vitatu ni za mtoto mmoja. Huyo mtu ndiye mimi.

Saa tatu mpaka saa tano ni zile nyepesi. Kitambulisho cha mama kikilingana, programu inapitisha yenyewe. Kisipokuwepo, inapima vingine: tarehe ya kuzaliwa ina uzito mkubwa, jinsia uzito mdogo, maana watoto wowote wawili wanaweza kufanana jinsia kwa bahati tu. Majina ndiyo balaa. Fatma wa uzazi ni Fatuma wa wodi na Fatima wa kliniki, na mtoto mwenyewe hana jina bado, ameandikwa tu “mtoto wa Kadzo”. Uswidi kila mkazi ana namba yake tangu 1947. Huko karani kama mimi angemaliza kabla ya chai ya saa nne. Hapa kitambulisho kinatolewa ukifika miaka 18, na wasichana wadogo ndio walio katika hatari zaidi ya kujifungua njiti. Yaani tunaowahitaji zaidi kwenye utafiti ndio wepesi kupotea. Hilo linaniudhi kuliko feni.

Saa tano na robo nikakutana naye. (Tarehe na mahali nimebadilisha.) Barua ya rufaa kutoka zahanati ya upande wa Marafa, mama hana kitambulisho, mtoto wa kiume, kilo 1.4. Kwenye kompyuta amezaliwa tarehe 16 saa 20:00. Wodini amepokelewa tarehe 16 hiyo hiyo, saa 6:30 asubuhi. Amelazwa kabla ya kuzaliwa! Programu ikampiga alama nyekundu: kosa, futa. Tena jina la pili la mama kwenye barua ni la babake, na wodini ni la mumewe.

Familia ilikubali kupigiwa simu, kwa hiyo nikapiga.

“Haloo, nani mwenzangu?”

“Napiga kutoka hospitali, mama, Malindi.”

“Nyinyi ndio wa juzi, mliosema mmenitumia pesa kwa makosa.”

“Hapana mama. Namtafuta msichana aliyeacha namba hii hospitalini.”

“Msichana wangu umemjulia wapi?”

Siwezi kumtajia mtoto. Sheria ya kulinda data ya 2019 hainiruhusu kumwaga habari za mgonjwa kwa yeyote aliyeshika simu, awe nyanya wa mtoto au tapeli. Na kadiri ninavyoficha ndivyo ninavyozidi kufanana na tapeli. Akakata. Nikapiga tena, akampa mwanamume fulani ambaye alinitukana kwa ufasaha mkubwa. Salio likaisha. Stima nayo ikapotea, feni ikanyamaza, tukabaki kujipepea kwa majalada.

Baada ya swala ya adhuhuri niliitafuta barua yenyewe, ile karatasi, ndani ya stoo, kwa tochi ya simu. Mgongo unauma, shati limeloa. Nilipoiona sikuamini. Sista wa zahanati aliandika “8.00 usiku”. Saa nane za usiku! Aliyeingiza kwenye kompyuta akaigeuza 20:00, na ilipaswa kuwa 02:00, saa nane usiku wa kuamkia asubuhi ile.

Jioni jioni, sikumbuki saa ngapi, simu ikalia. Yule mama, na pembeni yake binti. Sikumwambia binti kitu, nilimwomba anieleze mwenyewe. “Tarehe siijui. Ilikuwa saa nane usiku, gari hakuna, tukangoja mpaka karibu alfajiri.” Mama akamnyang’anya simu: “Nilimfunga kifuani kwa leso mpaka tukafika, mwanangu. Sasa ana meno, anauma watu.”

Muda wa saa nne na nusu toka kuzaliwa mpaka kupokelewa, joto lake lote limetoka kifuani kwa nyanya. Huduma ya kangaruu, ya kumfunga mtoto njiti kifuani, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu inkubeta hazikutosha. Huyu bibi hakungoja kufundishwa. Na hayo ndiyo utafiti unayoyatafuta: nani alichelewa, na alikaaje njiani. Programu ilikuwa inayatupa.

Nikamuunganisha, nikaondoa majina, nikabakiza namba ya siri. Kisha nikawaandikia watafiti: kila rekodi ya “amelazwa kabla ya kuzaliwa” irudishwe kwangu kabla haijafutwa, na yeyote anayeingiza saa za usiku aangalie karatasi kwanza. Wamejibu kwamba watalijadili kikaoni. Mimi nimeshaanza kuzichapisha rekodi hizo.